Turubai la Karavani Lilipokatazwa Misibani

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio ambao kichwa chake kilikuwa kimefungwa matambara mpaka kikavimba kama goti la mgonjwa. Nikauliza sakafu yenyewe iko wapi. Bwana Usafirishaji, mkubwa wangu wa kwanza, alinitazama kuanzia miguuni, maana nilikuwa pekupeku, akasema, "Huo si wa kufagilia, kijana. Huo ni wa kuinulia maji. Sakafu yako iko juu." Akanyoosha kidole kwenye turubai.

Hapo ni Makandana, Tukuyu, kwenye uwanja wa Mradi. Mradi ulikuwa na kliniki ya kutembea: karavani, yaani chumba cha bati chenye magurudumu, kinachofungwa nyuma ya Landrova na kuvutwa. Iliachwa na wajenzi wa barabara walipomaliza kazi yao na kurudi kwao. Wao walilala humo. Sisi tuliweka kitanda cha kupimia, meza ya daktari, darubini na sanduku la barafu la chanjo, tukaizungusha vijijini, kila kituo na siku yake ya mwezi. Ndani walienea watu watatu wakijibana. Wengine wote, akina mama wenye watoto, wajawazito, wazee wa kifua, walisubiri nje chini ya turubai lililotoka ubavuni mwa karavani na kushikwa na nguzo za chuma. Sasa niambie, kliniki ilikuwa ipi, kile chumba au lile turubai? Mimi jibu langu ninalo.

Nawaona vijana wa siku hizi wanavyofunga mahema ya kukodi pale Bagamoyo ya Tukuyu, si ile ya pwani, na damu inanichemka. Wanalivuta hema sawasawa pande zote, wanarudi nyuma kulisifia. Sawasawa! Turubai la Rungwe halitakiwi kuwa sawasawa hata kidogo. Ukingo wa nyuma ulikuwa umeshonewa kamba, na kamba hiyo iliteleza ndani ya reli, mfereji mwembamba wa chuma uliopigiliwa ubavuni mwa karavani. Huko ndiko juu kabisa. Nguzo za mbele ziwe fupi, na moja iwe fupi kuliko mwenzake, ili maji yote yatoke kona moja, mbali na mlango. Pale kona inapomwaga unachimba mtaro, na mtaro unauongoza mpaka kwenye majani, usiishie kwenye maharage ya mwenye uwanja. Nimewaona watu wazima wakikunjana mashati kwa ajili ya maharage.

Ukikosea mteremko, maji yanasimama katikati, nguo inalegea, inaota tumbo. Tumbo likishaota linaita maji mengine. Mwisho wake ama reli inang'oka ama nguzo inapinda, na mzigo wote unawaangukia waliokaa chini na watoto wao. Na tumbo halichomwi kwa ncha ya fimbo. Linainuliwa kwa kile kichwa cha matambara, unaanzia upande wa juu, unalisukuma pole pole kuelekea kona, na kabla ya hapo unapiga kelele watu wa kona wahame. Kuna siku sikupiga kelele ya kutosha, mchungaji mmoja akaoga pamoja na Biblia yake. Bwana Usafirishaji alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasimama na kuniambia, "Sasa sikia. Ukilitoboa hilo turubai, utarudi kwenu Masoko kwa miguu." Hakuwa anatania.

Halafu kuna taka. Watu wanadhani adui wa turubai ni mvua, kumbe mvua peke yake inashuka na kwenda zake. Yanayoua ni majani. Vituo vyetu vingi vilikuwa chini ya mikaratusi, na jani la mkaratusi ni jembamba, linaingia nyuma ya reli, linalala pale na wenzake, wanafanya boma. Maji yakifika yanazuiwa, yanatafuta njia, yanaingia ndani ya karavani na kudondokea sanduku la chanjo. Kila asubuhi nilipanda ngazi nikayatoa kwa vidole. Majani ya migomba yaliyochanika na upepo nayo yakigandia juu ya nguo siku mbili yanaacha weusi, na weusi ule ni koga, na koga inakula uzi wa mishono. Mishono yote niliipaka nta ya mshumaa. Sheria kuu ilikuwa kutolikunja turubai likiwa bichi. Ikibidi ulikunje na maji yake, ukifika nyumbani ulikunjue hapo hapo, hata kama umechoka kama punda. Tukuyu jua ni la kuotea, kwa hiyo nililianika chini ya paa la gereji, nikilifuta kwa mikono.

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi chini ya Bwana Usafirishaji, kisha alipohamishwa, chini ya Sista Kiongozi, muuguzi mfupi kutoka Songea aliyetembea haraka kuliko gari. Miaka hiyo ilikuwa imeingia ile ya ruksa, kila mtu afanye biashara. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa redio na viatu. Kiwanda cha chai kikapunguza watu. Matibabu yakawa ya kuchangia. Mdogo wangu Lugano, tuliyefuatana tumbo moja, aliacha kuchuma chai akaingia kwenye mitumba, akawa anafuata marobota Tunduma na kuyauza kwenye minada mpaka Kyela. Akawa mtu wa kunukia sabuni. Mama yetu alikuwa akimtazama akila, anacheka peke yake.

Na miaka hiyo hiyo ndipo watu walipoanza kufa. Sitaki kupamba maneno. Walikufa vijana, wenye nguvu, wenye watoto wadogo, mmoja akifuatwa na mke wake, kisha na aliyewauguza. Jina la ugonjwa halikutajwa msibani, ilisemwa kifua, au malaria, au karogwa na wenzake wa biashara. Kaburi lilichimbwa uwanjani kama desturi yetu, pembeni ya nyumba, na kabla udongo haujakauka unasikia kilio cha nyumba ya pili.

Msiba wa huku una watu wengi, na watu hao hulala hapo. Zamani walikaa kwenye vibanda vya majani ya migomba, lakini misiba ilipofuatana hivyo hakuna aliyekuwa na muda wa kujenga kibanda. Dereva wetu alipofiwa na baba yake, Sista Kiongozi akasema, "Bwana Ambwene, lipeleke turubai, watu wasilowe." Mambo yakaanzia hapo. Likaombwa na jirani wa dereva, likaombwa na balozi wa nyumba kumi, likaombwa na kanisa. Ungemnyima nani? Nililichomoa kwenye reli, nikalifunga kwenye miti uwanjani kwa wafiwa. Na likishafungwa msibani halifunguliwi mpaka matanga yavunjwe. Kulifungua mapema ni kuwaambia waombolezaji ondokeni, na hilo kwetu ni tusi ambalo watoto wako watalilipia. Basi kliniki ikawa inasubiri msiba umalizike, au inakwenda bila turubai.

Liliporudi lilikuwa limekunjwa bichi, lina moshi wa kuni, lina majani ya migomba yaliyooza katikati ya mikunjo. Nililisugua kwa sabuni ya mche mpaka vidole vikachubuka. Harufu ile haikutoka. Ilikuwa harufu ya msiba, kila mtu Rungwe aliijua.

Siku moja tulikuwa kituo cha Ibighi. Mvua ikashuka, ile nene ya kutoka ziwani. Mimi niko na ufagio wangu, maji yanakwenda vizuri kona yake, chini pamekauka kama jikoni. Akina mama wakasimama nje. Wamesimama kwenye mvua, majani ya migomba vichwani, watoto wamefunikwa kanga, mbele yao pakavu patupu. Sista Kiongozi akatoka mlangoni akashangaa.

"Mbona hamuingii?"

Mama mmoja kijana akasema bila kumtazama, "Sista, hapo chini juzi alilazwa marehemu shemeji yangu."

Kuanzia siku hiyo hesabu ya watoto wa chanjo ikawa inashuka. Waliokuja walisimama nje, na mtoto mwenye homa akinyeshewa anapata la zaidi. Wengine wakaacha kuja kabisa. Zamani vijijini waliniita Bwana Turubai, sasa nilikuwa nimeshapewa jina jingine. Waliniita Bwana Msiba. Nikipita njiani na ufagio wangu, mtu anamvuta mtoto wake pembeni. Iliniuma, nisiseme uongo.

Wakati huo Lugano alianza kukohoa. Akakonda mpaka yale mashati mazuri yakawa yanamning'inia. Akarudi nyumbani Masoko kwa mama na hakuondoka tena. Daktari wa Msafara, mtu wa Tanga aliyekuwa mkuu wetu wote, nilimweleza hali yake, akaniambia, "Bwana Ambwene, mlete nimpime makohozi. Kama ni kifua kikuu, dawa ninayo, na haitaki mchango. Lakini mlete mapema, usiniletee maiti." Nilikwenda mbio.

"Siendi," alisema Lugano. Alikuwa amekaa kwenye jua dogo la asubuhi, blanketi mabegani.

"Kwa nini huendi? Daktari amesema ina dawa."

"Kaka, mimi nimekaa chini ya lile turubai lako kwenye msiba wa Gwamaka, na wa Anyosisye na mkewe. Kila mara aliyekuwa katikati alikuwa amefunikwa shuka." Akakohoa mpaka machozi. "Sasa unataka nikae katikati mimi. Nikiwa hai! Wee, acha."

"Hilo ni turubai tu, Lugano. Ni nguo na uzi."

"Basi kalale wewe."

Mama alikuwa mlangoni anasikia. Niliona anavyonitazama. Alitaka nimpeleke hata kwa kumbeba. Nilimvuta mkono, akanisukuma, na kwa jinsi alivyokuwa hana nguvu msukumo ule ulinitisha kuliko matusi.

Mwezi uliofuata tukaamriwa kuhamisha kituo kimoja. Kazi yangu ilikuwa kutangulia kukagua uwanja: maji yanatoka wapi, yanakwenda wapi, mti gani unamwaga majani, nguzo zitasimama wapi. Nilikuwa na kamba ya kupimia, vigingi, na chupa ya maji ya kutazamia mteremko. Uwanja uliochaguliwa ulikuwa wa Mzee Anyitike, mzee mgonjwa wa siku nyingi, na barua ya kumtaarifu ilipelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alikuwa kwenye msiba, hakumwambia mtu.

Nikafika. Uwanja mtupu, mlango umefungwa. Nikapiga hodi, kimya. Nikasema ngoja nianze. Nikapigilia kigingi pembeni ya nyumba, nikavuta kamba, nikapigilia cha pili. Mke wa mzee, Mama Tusajigwe, akatokea na kuni kichwani. Akaniona. Bwana Msiba, na kamba, na vigingi, pembeni ya nyumba, mahali penyewe panapochimbwa makaburi. Kuni zikaanguka. Mama wa watu akashika kichwa akapiga yowe, akajitupa chini. Kabla sijafungua mdomo, nyumba za jirani zimejibu. Wanakuja wanawake wamejifunga kanga viunoni, wanalia, mmoja na mkungu wa ndizi, mwingine na mtungi. Wanaume wawili wakaja na majembe, wakauliza kwa upole, "Ni hapa kwenye kigingi?"

Ndipo mlango ukafunguka. Mzee Anyitike akatoka, ameshika fimbo, macho mekundu ya usingizi. Alitazama watu, akatazama majembe.

"Amekufa nani?"

Mama Tusajigwe akanyamaza katikati ya kilio, mdomo wazi. Mzee akafuata kamba kwa macho mpaka ikafika mkononi mwangu. Nilitaka kusema kliniki. Niliisema, naapa niliisema, lakini nani anasikia? "Umekuja kunipima," akasema. "Sijafa. Nimelala. Mtu halali siku hizi?" Akanirushia ile fimbo. Ikanipata hapa begani, na wale wa majembe wakanifukuza mpaka barabarani, viatu nikaviacha.

Vijiwe vya kahawa vilicheka wiki nzima. Mimi sikucheka. Mzee Anyitike aliingia ndani, akajilaza, na akakataa chakula. Alisema kama Serikali imeshatuma mpimaji, yeye ni nani abishe. Na hakupona tena.

Daktari wa Msafara alituita wote, Sista Kiongozi, dereva na mimi. Alikuwa mtu mpole, ila siku hiyo alipiga meza. "Hili turubai halitoki tena kwenye reli kwenda msibani. Si kwa mkubwa, si kwa mdogo, si kwa mtumishi wa Mradi. Tumelitoa kwa huruma na huruma imewaondoa wagonjwa. Anayelitunza ni Ambwene, atakayekataa ni Ambwene." Sista Kiongozi akasema watu watatuchukia. Daktari akajibu, "Watuchukie wakiwa hai."

Nikaenda kumwambia Lugano. Alinisikiliza, akacheka kidogo. "Maneno ya ofisini hayo. Siku nitakapokuona kwa macho yangu umemnyima mtu, nitakuja kukaa."

Siku hiyo haikukawia. Mzee Anyitike alifariki, na Mama Tusajigwe alikuja mwenyewe mpaka kwetu Masoko, miguu ina tope, ameongozana na shemeji yake. Nilikuwa nimekwenda kumwona mama. Mvua inanyesha. Akapiga magoti uwanjani kwetu, mama wa umri wa kunizaa.

"Mwanangu, ulikuja kupima akiwa hai. Sasa amekufa. Lete turubai."

Mungu wangu. Nilimwinua. Nikamwambia, mama, pole sana, turubai ni la wagonjwa, limekatazwa. Akanitazama kama hajasikia Kiswahili. Nikarudia kwa Kinyakyusa. Shemeji yake akatema mate. Mama yangu mzazi akanijia, akaninong'oneza kwa ukali, "Mpe! Huyo ni mfiwa. Unataka kutuletea nini nyumbani humu?" Nikasema hapana, mara ya pili. Mama Tusajigwe akajifunika kanga akaondoka kwenye mvua. Walimzika mzee wao watu wakilowa, na habari zikaenea mpaka minadani.

Lugano alikuwa amekaa kibarazani, ameona yote. Siku ya kliniki aliomba viatu vyake.

Nilifunga turubai lile asubuhi ile kama sijawahi kulifunga. Nililisugua siku tatu kabla, nikapaka mishono nta mpya, nikatoa kila jani kwenye reli. Lugano alifika ameegemea bega la mama. Akina mama walikuwa wamesimama kwenye manyunyu kama kawaida yao. Akawapita. Akasimama kidogo pale matone yanapoanguka, akatazama juu, kisha akaingia akakaa katikati kabisa, kwenye benchi, peke yake. Akakohoa. Akaniambia kwa sauti ili wasikie, "Bwana Msiba, mbona hapa hapavuji?" Mtu mmoja akacheka. Mama mmoja akaingia na mtoto wake, akakaa ukingoni. Wakafuata wengine. Nilikwenda nyuma ya karavani, nikalia.

Ilikuwa kifua kikuu kweli. Daktari alimpa dawa, na kwa muda Lugano alinyanyuka, akala, akaanza hata kuulizia bei za marobota. Mama akawa anacheka tena akimtazama. Lakini Daktari aliniita pembeni akanieleza kwamba kifua si peke yake kilichokuwa ndani ya mwili ule, na kwa lile lingine yeye hana kitu. Siku zile hakuna aliyekuwa nacho. Nililibeba neno hilo bila kumwambia mama. Kabla chai haijachipua vizuri msimu huo, Lugano alifariki, kichwa chake kwenye mapaja ya mama.

Mvua ilikuwa inanyesha. Jeneza lilipotolewa uwanjani, mama akasema mbele ya watu wote, "Ambwene, kalete turubai. Mdogo wako analowa."

Daktari wa Msafara alikuwepo, amesimama na mwavuli. Akanivuta mkono. "Bwana Ambwene, kachukue. Hii ni ruhusa yangu. Ndugu yako ndiye aliyewarudisha watu, hakuna atakayelaumu."

Nilitazama uwanja. Walikuwepo wale akina mama wa kliniki, karibu wote, na watoto migongoni. Walikuwa wananitazama mimi, si jeneza. Keshokutwa yake ilikuwa siku ya kituo. Nikamwambia Daktari, "Wakiliona hapa leo, Lugano atakuwa amekaa pale bure."

"Ni mdogo wako, bwana."

"Ndiyo. Ni mdogo wangu."

Nikamgeukia mama nikamwambia haliji. Nilitaka anipige. Hakunipiga. Alifungua kanga yake ya juu, akaitandaza juu ya jeneza, ikalowa mara moja, akalala juu yake kifudifudi, mgongo wake wa kizee ukinyeshewa. Wajomba walinitukana matusi ambayo sijawahi kuyasikia tena. Halafu nikaona mtu anapita katikati ya watu, ni Mama Tusajigwe. Nadhani alikuja kuhakikisha kama nimewapendelea wa kwetu. Alitazama juu, hakuna kitu. Akaja akakaa kwenye tope pembeni ya mama yangu, akamshika mgongo, wakalia pamoja. Tukamzika Lugano tumelowa wote.

Siku ya kituo watu walikuja. Walikaa chini ya turubai, benchi zote, na watoto walichanjwa. Sitasema nilifurahi. Nilisimama na ufagio wangu, nikasukuma maji kwenda kona.

Baadaye wakubwa walibadilika. Daktari alihamishwa, akaja Bwana Mratibu mwenye kuongea habari za ufanisi, kisha Mradi wenyewe ukafungwa na karavani ikapigwa mnada. Nasikia aliyeinunua aliigeuza duka la soda huko Kiwira. Mimi nilipunguzwa pamoja na dereva, nikarudi Masoko kulima migomba na viazi. Vijana wakiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, nawaambia nilikuwa nazuia maji yasiwamwagikie watu. Wanacheka. Wacheke. Mtu akitaka kujifunza mteremko, aje, nitamfundisha bure, ila asije kichwa ngumu.

Lakini kabla Daktari hajahamishwa, mama alianza kukohoa. Alikuja kituoni peke yake, kwa miguu, bila kuniambia. Nilimwona amekaa benchi la mbele, amejikunja, mikono mapajani, anasubiri zamu. Mvua ilikuwa kubwa siku hiyo. Nililiinua kila tumbo kabla halijaota, tone moja halikumpata. Alipoitwa, alinyanyuka akapita karibu yangu kabisa akaingia kwa Daktari. Hakunisalimia.

Alipona. Aliishi miaka mingi, alinipikia, aliniuguza nilipovunjika mguu, na kanisani alinitaja kwenye maombi kwa jina langu. Siku ya Lugano hatukuizungumza hata mara moja mpaka nilipomzika. Kwenye mazishi yake wajukuu zangu walikodi hema kubwa na viti vya plastiki, wakanitengea kiti cha mbele, karibu na jeneza. Ilinyesha. Walinikuta nje, kwenye tope, wakanibembeleza niingie, wakasema babu utaugua. Niliwaambia waniache.